Lori la Mawe Kwenye Mlima wa Daraja

Ipo jioni moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo mguu wangu wa kushoto hujikaza wenyewe, kama vile klachi iko hapa chini ya meza. Nimesikia umeanza kujifunza kuendesha gari, tena gari la siku hizi linalojibadilishia gea bila kuulizwa. Sina ugomvi nalo. Keti tu nikusimulie habari ya gari letu la zamani, na habari ya watu niliowaona siku ile, maana nimeishi siku nyingi na sijaona tena kitu kama kile.

Ilikuwa miaka ile nchi yetu ikiwa bado changa. Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi za serikali mjini Nyeri, na kwetu kulikuwa upande wa Mukurweini, kwenye mashamba ya kahawa na migomba. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa mjini. Kila asubuhi tulikwenda pamoja na kila jioni tukarudi pamoja, ndani ya kijigari chake cha rangi ya maziwa, kile cha mgongo wa kobe ambacho injini yake hukaa nyuma na mizigo huwekwa mbele.

Kwa miaka mingi aliendesha mwenyewe. Kisha macho yake yakaanza kufunga. Alituambia ni kama kutazama kupitia dirisha lililoshikwa na mvuke. Aliona mwanga, aliona umbo la mtu akiwa karibu, lakini barabara hakuiona tena. Siku moja aligonga lango letu wenyewe mchana kweupe. Akashuka, akalipapasa lile lango, akaja hadi nilipokuwa nimesimama na kaka zangu, akaniwekea ufunguo mkononi.

"Kuanzia leo Mama ndiye ataendesha," akasema.

Huyo Mama ni mimi. Nilipewa jina la mama yake mzazi, na kwa desturi yetu aliniita hivyo tangu nikiwa mchanga. Kaka zangu walinung'unika. Walikuwa wanaume wazima, na wakati huo mwanamke akionekana ameshika usukani, watu walisimama kando ya barabara kumtazama apite. Mimi mwenyewe niliogopa, na niliogopa zaidi kumwambia kwamba ninaogopa.

Alinifundisha katika uwanja wa shule, siku za Jumamosi watoto wakiwa wameenda nyumbani. Alikaa kando yangu, kofia yake magotini, akanifundisha kwa masikio. "Gea ya pili inalia, Mama, ipeleke ya tatu." "Umeacha klachi mapema, umesikia jinsi imeruka?" Nilipokuwa nikisoma alama zilizo mbele yangu, yeye alikuwa akisikiliza kilichokuwa nyuma yetu, injini ile ndogo ikinguruma. Alisema klachi ina mahali pake inaposhika, wala hapaonekani kwa macho. Unaiachia polepole, polepole, mpaka usikie gari limevuta pumzi na kuzama kidogo. Hapo ndipo pa kukaa. Ukipapita, gari linaruka na kuzimika. Ukirudi nyuma ya hapo mlimani, linaanza kukuteremsha.

Nilijua kuendesha kwenye uwanja muda si mrefu. Barabarani ilikuwa kazi nyingine. Na mwaka ule, mwanangu, daraja la mtoni likaanza kutengenezwa.

Wewe umezoea barabara pana, hebu jaribu kuiona ile. Ukitoka mjini ulishuka mteremko mrefu mpaka mtoni, ukavuka daraja, kisha ukapanda mlima wa upande wa pili, wenye kona juu karibu na kileleni. Kwenye mlima ule wa pili, upande mmoja kulikuwa na ukuta wa udongo mwekundu uliochongwa barabara ilipopasuliwa. Upande mwingine kulikuwa na ukingo mwembamba wa nyasi, halafu bonde, na chini bondeni mashamba ya kahawa ya watu. Mafundi walifunga nusu ya daraja. Magari yakawa yanavuka kwa zamu, mtu mmoja akiwa amesimama pale na bendera nyekundu na ya kijani. Wa upande huu wakivuka, wa upande ule wanangoja.

Asubuhi na jioni wafanyakazi wote wa upande wetu walikutana pale. Makarani, walimu, wauguzi, wenye maduka, mabasi ya abiria, malori ya kahawa, matrekta, baiskeli za maziwa. Foleni ilipanda mlima ikapotea kwenye kona. Unasogea urefu wa gari moja, unasimama. Unasogea tena, unasimama. Na yote hayo mlimani, na klachi, na breki ya mkono iliyokuwa imezeeka. Nikifika nyumbani mguu wa kushoto ulikuwa unatetemeka hata nikiwa nimelala.

Baba naye hakunyamaza hata siku moja. Njia nzima alinielekeza. Na kubwa alilonisumbua nalo lilikuwa nafasi. Hakutaka nilikaribie gari la mbele. Alisikia ukaribu wake kwa mlio, na akisikia, aligonga dashibodi kwa vidole.

"Acha nafasi ya gari moja."

"Baba, nikiacha nafasi watu wanaingia."

"Waingie."

"Basi tutafika usiku."

"Tutafika," alisema.

Wenzangu ofisini walinicheka. Walisema gari la mzee wetu ndilo mlango wa kuingilia foleni, kila aliyechelewa anajua pa kujipenyeza. Niliona haya. Siku ile ninayokusimulia tulikuwa tumebishana juu ya jambo hilo tangu dukani, nikamwambia anaendesha gari kwa mdomo. Tukashuka mteremko wa mji, mvua ya masika ikiwa imekatika muda mfupi uliopita na lami ikitoa mvuke. Tulipopewa bendera ya kijani nikavuka daraja, nikaanza kupanda mlima, nikaacha nafasi kubwa kuliko aliyokuwa akiitaka, kwa hasira tu, asipate neno la kusema.

Mbele kabisa kulikuwa na trekta linalojikokota, kwa hiyo sote tuliopanda tulikuwa tunasogea na kusimama. Mbele yangu lilikuwa gari la mwalimu mmoja mwenye familia, watoto wake wakinitolea ulimi kwenye kioo cha nyuma. Nyuma yangu alikuwa Bwana Idi, muuza nyama wa Majengo mjini, na pikapu yake. Alikuwa akienda upande wetu kununua mbuzi, na tulijuana kwa salamu. Nyuma yake kulikuwa na magari mengine, na mwisho wetu sote basi lililokuwa ndiyo kwanza linatoka darajani. Kulia kwetu walikuwa wanaongoja kushuka kwenda mjini, foleni ndefu iliyosimama kando ya ule ukuta wa udongo tangu juu mpaka chini. Kushoto kwangu ulikuwa ule ukingo wa nyasi, kisha hewa.

Tukasimama. Nikavuta breki ya mkono. Hapo baba akainua kidole.

"Kuna gari kubwa linashuka."

Nikatazama juu. "Wanaoshuka wote wamesimama, Baba."

"Hilo halijasimama." Akageuza shingo, sikio lake kwenye dirisha. "Na halina gea. Injini imetulia, magurudumu ndiyo yanayopiga kelele."

Mimi nilisikia trekta tu. Nilitaka kumwambia hivyo, na kabla sijasema nikasikia honi. Haikuwa honi ya mtu aliyekasirika. Ilikuwa ndefu, haikukatika, ilitoka nyuma ya kona na kuzidi kuwa kubwa. Halafu lori likatokea. Lilikuwa limejaa mawe ya kujengea, yale yaliyochongwa kwa ajili ya majengo yaliyokuwa yakipanda mjini kila mahali wakati ule. Lilikata kona limelala upande, mawe mawili matatu yakaruka na kupasuka barabarani, likasimama sawa tena na kuja.

Lisingeweza kupita upande wake, kwa sababu upande wake ulikuwa umejaa waliokuwa wakingoja. Lilikuwa linakuja upande wetu.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo paliponifanya nikuite ukae.

Lile trekta la mbele liliingia kwenye nyasi. Gari lililokuwa nyuma yake likalifuata, na la tatu. Wakati uleule, upande wa kulia, waliokuwa wamesimama walianza kujibana kwenye ukuta wa udongo, wa juu kwanza, kisha wa chini yake, kisha wa chini yake tena. Vioo vya pembeni vilivunjika kwenye udongo, nikasikia mabati yakikwaruza. Hakuna aliyefungua mlango kukimbia. Hakuna aliyeshuka kumwelekeza mwenzake, hapakuwa na muda wa kuelekezana. Kila mtu alitazama mbele, akaona wa mbele yake amesogea, naye akasogea. Barabara ikafunguka katikati, ikateremka ikifunguka hivyo kuja kwetu, kama upepo unavyoshuka ndani ya shamba la mahindi. Umewahi kuuona? Huoni upepo wenyewe, unaona mahindi yanavyoinama kwa zamu.

Mwalimu aliyekuwa mbele yangu akaenda. Zamu ikawa yangu.

Nilijua mambo mawili tu. Nikizima injini, nimebaki katikati ya barabara. Na nikirudi nyuma, nitampiga Bwana Idi, naye atabaki katikati pamoja nami, na walio nyuma yake vivyo hivyo mpaka kwa wale wa basi. Bwana Idi hangeweza kwenda popote mpaka mimi niende. Niliiona sura yake kwenye kioo. Alikuwa ameshika usukani, ananitazama, anangoja. Hakupiga honi.

Nilitegemea kusikia sauti ya baba. Kanyaga, ongeza mafuta, acha polepole. Alikuwa akiyasema hayo kila siku, hata nilipokuwa sihitaji. Siku ile hakusema kitu.

Nikaingiza gea ya kwanza. Nikaongeza mafuta. Nikaachia klachi polepole kama vile nina siku nzima, na mwili wangu wote ulikuwa unataka kuiachia ghafla. Nikaipata pale inaposhika. Kijigari kikazama nyuma, kikatetemeka. Nikashusha breki ya mkono na kukata usukani kushoto.

Nafasi ile ya mbele niliyoiacha kwa hasira ndiyo niliyopitia. Ningekuwa nimelibana gari la mwalimu, ningelazimika kurudi nyuma kwanza ndipo nikate kona, na nyuma hapakuwa na pa kurudi. Gurudumu la mbele likapanda nyasi. La nyuma likafuata. Nyasi zilikuwa zimelowa, na udongo wa chini yake ukaanza kuteleza kuelekea bondeni. Niliona vilele vya miti ya kahawa upande wa dirisha la baba, chini kabisa. Nikajua nikigusa breki tutaserereka. Nikabaki na klachi palepale, gari halipandi wala halishuki, injini ikinguruma na harufu ya klachi inayoungua ikijaa ndani. Baba akaegemea upande wangu bila kuambiwa, uzito wake wote begani kwangu.

Kwenye kioo nikaona pua ya pikapu ya Bwana Idi ikiingia nyasini.

Lori likapita. Nilikuwa nimetazamia kuogopa, nami sikuogopa. Upepo wake ulitusukuma, jua likazibwa, na katika muda huo nikamwona dereva. Alikuwa ameketi wima, mikono miwili kwenye usukani, macho yake mbali sana mbele. Na mdomo wake ulikuwa unacheza. Alikuwa anaimba. Kisha nikaona ubao wa nyuma wa lori, na jua likarudi.

"Limepita?" baba akauliza.

"Limepita."

"Bado kuna daraja. Niambie unachoona."

Nikageuza kioo, nikamwambia. Nikamwambia basi limejibana chini kabisa, nusu yake imeingia kichakani. Nikamwambia yule mtu wa bendera yuko katikati ya barabara upande wa pili, bendera zote mbili juu, anawazuia wa mjini. Nikamwambia kuna mwanamume wa baiskeli ya maziwa darajani. Ametupa baiskeli, amejibandika kwenye kingo. Nikamwambia lori limeingia darajani.

Nikanyamaza.

"Mama," akasema baba.

"Limetoka, Baba. Limetoka darajani. Mwenye baiskeli amesimama. Linapanda upande wa mji. Upande wake uko wazi. Linapanda, linapunguza mwendo."

"Litarudi," akasema. "Likisimama litarudi."

Kweli lilisimama katikati ya mteremko wa mji, likakaa kidogo, na magurudumu yakaanza kurudi nyuma. Ndipo tukasikia, hata mimi nilisikia kutoka upande ule wa bonde, injini ikikohoa na gea ikiingia kwa mlio wa chuma. Lori likashtuka, likasimama. Watu wa foleni ya mji walikuwa wameshatoka ndani ya magari yao na kukimbia, wanaume kwa wanawake, wengine na viatu vya ofisini mkononi. Waliokota mawe yaliyoanguka kutoka kwenye lori lenyewe liliposhtuka, wakayasukumia chini ya magurudumu.

Halafu kukawa kimya. Trekta lilizimwa. Magari yalizimwa, moja baada ya jingine, mpaka nikasikia mto. Nilikuwa nimepita pale kila siku na sikuwahi kuusikia ule mto.

Bwana Idi alikuja na jiwe, akaliweka nyuma ya gurudumu letu, akagonga dirisha. "Zima sasa, binti yangu," akasema. "Iache miguu ipumzike." Alikuwa na machozi, wala hakuyafuta. "Alhamdulillahi," akasema, akarudi kuegemea pikapu yake.

Nilimsaidia baba kushuka upande wangu. Akavua kofia. Akaniomba nimwonyeshe lilipopita, nami nikampeleka mpaka kwenye alama za matairi, ambazo zilionekana wazi kwenye lami iliyolowa. Akachutama. Akaweka kiganja kimoja juu ya alama ile, na mkono mwingine akaunyoosha nyuma kutafuta gari letu. Aliligusa kabla mkono haujanyooka wote. Akakaa hivyo, kiganja kimoja barabarani na kingine mlangoni mwa gari. Halafu akaenda kupima kwa Bwana Idi, kisha kwa mwalimu, kisha akavuka kwenda kwa wale wa kando ya ukuta. Watu walimwacha apime. Watoto wa mwalimu walimfuata. Kote ilikuwa vilevile, mkono wake haukunyooka mahali popote.

"Ni watu wangapi hapa?" akaniuliza.

"Ni wengi, Baba. Sioni mwisho wake."

"Na hakuna hata mmoja aliyekataa kusogea." Hakuwa ananiuliza. Alikuwa anajisemea.

Baadaye dereva wa lori akaja kwa miguu. Alivuka daraja, akapanda mlima, akapitia gari moja moja, pande zote mbili, akimpa kila mtu mkono. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, shati limelowa mgongoni. Hakuna aliyemharakisha. Alipofika kwetu sauti ilikuwa imemwishia.

"Breki iliisha pale juu kwa kona, mzee," akamwambia baba. "Nikajaribu kurudisha gea ya pili, ikakataa kuingia. Nikaona magari yamejaa, nikasema leo nitaua watu. Nilikuwa natafuta mahali nitaliangusha niende nalo kwa bonde." Akageuka kuutazama mlima. "Halafu nikaona barabara."

"Binti yangu anasema ulikuwa unaimba," baba akasema.

Yule mtu akanitazama. "Nilikuwa naimba?"

"Ndiyo," nikamwambia.

"Sijui," akasema. "Mimi sijui wimbo gani." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda kwa Bwana Idi.

Tuliondoka pale jua likiwa linashuka. Wanaume walilishika gari letu ubavuni lisiserereke nilipolirudisha barabarani. Kila aliyetoka kwenye nyasi alingojewa. Magari yaliyokuwa yakigombania inchi moja asubuhi yakawa yanapeana njia. Mtu anapunga mkono, pita wewe, na mwingine anajibu, hapana, wewe kwanza. Tulipanda mlima ule wote hivyo. Sitakudanganya kwamba iliendelea. Siku chache zilipita, honi zikarudi, watu wakaanza kubanana tena pale darajani. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuona.

Tukakaribia nyumbani. Nikamwuliza kwa nini alinyamaza wakati ule, yeye ambaye hanyamazi.

"Ningekusemesha ungegeuka kuniangalia," akasema. "Na mimi nilikuwa sina cha kukuonyesha. Wewe ndiye uliyekuwa na macho, na mguu ulikuwa wako."

Tangu hapo hakunielekeza tena. Nikikosea gea, alikohoa tu. Na kwa miaka iliyofuata, hata macho yake yalipofunga kabisa, aliwasimulia watu dukani habari ya mlima ule, na kila mara alisema, "Niliona kwa macho yangu." Sikumsahihisha hata mara moja.

Sasa wewe unaingia barabarani, mwanangu. Utakaa kwenye foleni asubuhi na jioni, umechoka, umechelewa, na utawaona walio mbele yako kuwa ni mzigo. Utawaita majina. Nami niliwaita watu majina. Ninalokuomba ni hili: acha nafasi mbele yako, na akiingia mtu, mwache aingie. Huwezi kujua ile nafasi ni ya nini. Shikilia gari lako vizuri, ujue mguu wako unafanya nini, kwa sababu yuko mtu nyuma yako ambaye hawezi kuokoka mpaka wewe uende, naye hatapiga honi, atakungoja tu. Usikimbie gari lako ukaliacha katikati. Zamu yako ikifika, sogea. Na usifikiri kwamba wale wageni usiowajua jina hawana habari nawe. Mimi niliishi, nikaolewa, nikazaa, nikapata wajukuu, kwa sababu jioni moja watu nisiowajua waliharibu magari yao kwenye ukuta wa udongo ili pawe na mahali pa kupita. Wengi wao sikuwaona tena. Nikikutana na wazee wenzangu mjini huwa nawatazama nyuso na kujiuliza kama walikuwa pale.

Nenda, mwanangu. Ngai, Mungu wetu, akutangulie kwenye kona usizoziona, ayape masikio yako utulivu na miguu yako subira. Akuzungushie watu wa kukupisha, na akufanye wewe pia uwe mtu wa kupisha. Akufikishe kwako kila jioni ukiwa mzima, na wale unaowabeba wakiwa wazima, na wale usiowajua waliokuwa nyuma yako wakiwa wazima.